Umestaafu au bado? Mwongozo kwa mhasibu wa Texas asiyeweza kukaa bila kazi

Wiki tatu baada ya kung'oa kibao cha ofisi yangu pale Bissonnet, kusini-magharibi mwa Houston, mpwa wangu alinipigia simu. Ana malori matatu na madereva wanne, na risiti zake anaziweka kwenye mfuko wa sukari. "Mjomba, sasa si umestaafu? Nafasi unayo. Njoo unishikie vitabu, siku mbili tu kwa wiki, nitakutoa dola mia nane kwa mwezi."

Nikakubali kabla chai haijapoa. Ni mtoto wa dada yangu, nitamkatalia vipi? Usiku ndipo usingizi uliponiruka. Nilikumbuka kwamba mwezi uliopita tu nilikuwa nimetia sahihi ombi la hadhi ya mstaafu kwa Bodi ya Uhasibu ya Jimbo la Texas, na kwa mkono wangu mwenyewe nilitamka kwamba sina tena uhusiano na uhasibu. Sasa naenda kushika vitabu vya kampuni ya malori! Asubuhi nikampigia, nikamwambia atafute mtu mwingine. Alininunia mpaka Idi.

Nayaandika haya kwa wenzangu tuliotoka Tanga, Mombasa, Arusha, Bujumbura na kwingine, tukafanya mtihani wa CPA, yaani mhasibu mwenye leseni, huku enzi za penseli na karatasi, siku mbili mfululizo, Mei au Novemba, na sasa umri umefika. Mambo yote hapa ni ya Texas. Kila jimbo lina bodi yake na masharti yake. California, kwa mfano, inaangalia umeshika leseni miaka mingapi. Texas inaangalia umri na kazi. Kama leseni yako ni ya jimbo jingine, chukua namna ya kufikiri tu, masharti ukayasome kwenu.

Kwanza, tenganisha "kustaafu" na "kustaafu"

Nyumbani mtu akisema fulani kastaafu, hakuna anayeuliza maana yake. Kafika sitini, kapewa barua, anafuatilia mafao yake. Huku hakuna wa kukupa barua. Unastaafu sehemu mbalimbali, kila moja kwa tarehe yake, na moja haijui habari za nyingine.

Idara ya Social Security inaangalia pesa. Ukianza kuchukua pensheni yao kabla ya umri kamili (miaka 67 kwa tuliozaliwa 1960 na kuendelea) huku unaingiza kipato kupita kikomo cha mwaka, wanazuia dola moja kwa kila dola mbili zilizozidi. Hawajali kama unauza samaki au unakagua benki. Vyama vya taaluma, kile cha kitaifa na kile cha jimbo, vinaangalia ada ya uanachama, na mstaafu huko ni yule watakayemtambua wao. Bodi ya jimbo ndiyo mwenye leseni, na yenyewe inaangalia kazi. Nimewahi kukaa na mzee mmoja aliyekuwa ameshakubaliwa kuwa mstaafu na chama chake, akadhani yameisha, kumbe leseni yake ya bodi inadaiwa saa za masomo za mwaka mzima. Cheti cha chama hakiifungi leseni.

Sharti lenyewe

Kanuni iko kwenye sura ya 515 ya kanuni za bodi, nawe uisome mwenyewe, haifiki kurasa mbili. Uwe na miaka 60 au zaidi. Ujaze ombi wakati wa kuhuisha leseni. Na utamke kwamba huna uhusiano na uhasibu. Ukikubaliwa, unasamehewa zile saa za mafunzo endelevu, 120 kila miaka mitatu na zisizopungua 20 kila mwaka, na mzigo wa ada unapungua. Kama hujafika 60 na umeacha kabisa kazi za hesabu, kuna msamaha mwingine wa saa za mafunzo, lakini huo hauitwi ustaafu.

Hilo neno "uhusiano" ndilo linalotukamata, kwa sababu bodi imelipanua. Ndani yake kuna kufanya kazi, au kusimamia wanaofanya kazi, katika utayarishaji wa hesabu na taarifa za fedha, kodi kwa maana zote tatu (kujaza, kupanga na kushauri), ushauri wa uongozi wa biashara, mifumo ya hesabu ya kompyuta, hazina, fedha na ukaguzi. Kuna kujitambulisha kwa watu au kwa mwajiri kama CPA unapouza huduma au bidhaa yenye mambo ya kihasibu. Kuna kutoa ushahidi mahakamani kama mtaalamu wa hesabu. Na kuna kufundisha masomo ya uhasibu. Mwisho kabisa kanuni inasema jambo ambalo ningekuwa mwalimu ningelipigia mstari mara mbili: pakiwa na shaka kama kazi fulani imo au haimo, itahesabiwa kuwa imo.

Kwa hiyo usijipe moyo kwa hoja za "lakini ni kidogo tu" au "lakini siandiki jina langu". Shaka ikizuka, inakuangukia wewe.

Nje ya hapo kuna mlango mmoja ulioachwa wazi, na ni mzuri. Mstaafu anaruhusiwa kukaa kwenye bodi ya wakurugenzi au ya wadhamini bila malipo, kujaza fomu za kodi kwa kujitolea, kushiriki mipango ya serikali ya kusaidia wafanyabiashara wadogo, na kuwa mshauri wa taasisi ya hisani au ya kiraia isiyo ya faida. VITA, mpango wa kujaza fomu za kodi bure wa IRS (mamlaka ya kodi ya taifa), na SCORE, mpango wa ushauri wa idara ya biashara ndogo, zimetajwa kwa majina kabisa.

Pima kazi yako, moja moja

Chukua karatasi, andika kila kitu unachotarajia kufanya mwaka ujao. Kila kitu, hata cha nusu saa. Kisha kila kimoja kiulize maswali mawili kwa mpangilio huu: je, ni kazi ya hesabu kwa maana ile pana? Kama ndiyo, je, ni ya kujitolea, bila malipo, mahali palipotajwa na kanuni? La kwanza likijibiwa ndiyo na la pili hapana, hadhi huna.

Karatasi yangu ilikuwa na mistari kumi na moja. Vitabu vya mpwa: hesabu, ana biashara ya faida, ananilipa. Hapana. Na msinishauri kwamba ningemfanyia bure. Kampuni ya malori siyo taasisi ya hisani, hata kama mwenyewe analia kila mwisho wa mwezi.

Wateja wangu wa zamani kumi na wawili waliosema "Mzee, sisi tutakufuata hukohuko nyumbani", wengi wao walezi wa wazee na madereva: kodi, kwa malipo. Hapana. Hili ndilo lililoniuma, na lina kichekesho chake. Kwa sheria ya nchi, mtu yeyote mwenye PTIN, namba ya mtayarishaji inayotolewa na IRS, anaweza kufungua meza kando ya duka la simu akajaza fomu za watu kwa malipo. IRS ilijaribu kuwawekea mtihani wa lazima, mahakama ikauzuia 2013, na rufaa ikashindwa 2014. Kwa hiyo kijana asiyejua tofauti ya mali na deni anaruhusiwa, na wewe mwenye miaka thelathini ya kazi, ukitaka kubaki mstaafu wa Texas, huruhusiwi. Usiipinge kwa hasira kama nilivyofanya mimi. Yule kijana hajamtamkia mtu yeyote kwamba ameachana na uhasibu. Wewe umetamka.

Kufundisha somo la utangulizi wa uhasibu jioni kwenye chuo cha jamii: hapana, limetajwa. Kufundisha Kiswahili kwa watoto wa jumuiya siku ya Jumamosi: ruksa, fundisha mpaka sauti ikauke.

Mweka hazina wa jumuiya ya Watanzania, bila posho: nilimwandikia mtu wa bodi, nikaeleza kwamba ni chama kisicho cha faida na sipokei senti, nikaomba jibu la maandishi. Nakushauri ufanye hivyohivyo kwa kila jambo lenye kivuli. Simu haitunziki. Na ukishakuwa mweka hazina, kataa bahasha. Jumuiya zetu zina tabia nzuri ya kumtunza mzee mwisho wa mwaka, lakini dola mia mbili ndani ya bahasha ni malipo hata kama imeandikwa "asante ya soda". Mimi nimewaambia wanipikie pilau.

Hesabu za michango ya harusi na misiba sikuziandika, mke wangu akacheka akaniambia ndiyo kazi kubwa niliyonayo. Daftari la nani kachanga na nani kaahidi, unalolishika kama ndugu kwenye kamati, bila malipo wala kujitangaza, siogopi nalo.

Kuuza nyumba, kuendesha teksi, kufuga kuku huko Katy: haya siyo uhasibu. Ila kadi ya dalali wa nyumba yenye "CPA" mbele ya jina inaanza kunuka. Jiulize uliiweka pale kwa nini, kama siyo kumfanya mteja aamini hesabu zako.

Na kazi ya mbali je? Rafiki yangu mmoja alipewa nafasi ya kusimamia hesabu za hoteli Zanzibar kwa kompyuta, akakaa huku Texas, akasema "lakini kampuni ni ya nje". Kanuni inataja aina ya kazi. Haikutaja kampuni iko wapi. Alibaki na leseni hai, akaendelea na saa zake za masomo, na nadhani aliamua vizuri.

Ukiuza ofisi, soma hapa polepole

Mimi sikufunga ofisi, niliiuza kwa mhasibu kijana, na hapa ndipo ningeharibu mambo. Mnunuzi wa ofisi ya hesabu mara nyingi hakulipi yote kwa mkupuo. Anakulipa kwa awamu, miaka miwili, mitatu, na mara nyingine kiasi kinategemea wateja wangapi wamebaki. Kupokea awamu hizo siyo kazi. Ni bei ya kitu ulichokwisha kuuza, kama mtu aliyeuza shamba kwa mikopo.

Lakini mikataba hii karibu kila mara ina kifungu cha "kipindi cha mpito". Muuzaji atabaki miezi sita au mwaka, atawatambulisha wateja, atajibu maswali, atapitia fomu ngumu, na atalipwa kwa saa au kwa mwezi. Hiyo ni kazi ya kodi na ni usimamizi wa wanaofanya kodi. Ukiomba hadhi ya mstaafu huku kifungu hicho kinaendelea, umetamka kisicho kweli, na mkataba wenyewe ndio shahidi.

Fomu 8594 ya IRS nayo inaongezea. Wewe na mnunuzi mnaijaza kugawa bei: vifaa kiasi hiki, jina na wateja kiasi hiki. Malipo ya ushauri wa baadaye yanakaa pembeni, nawe unayalipia kodi kama kipato cha kawaida, wakati sehemu ya wateja mara nyingi inaingia kama faida ya mtaji. Mnunuzi anaweza kukushawishi muite sehemu kubwa "ushauri", kwa sababu yeye anaikata kwenye kipato chake mara moja badala ya kuisambaza miaka 15. Ukikubali, unalipa kodi zaidi na unaacha karatasi ya kusema bado unafanya kazi. Nilikataa, tukabishana wiki mbili, tukafika mpito wa miezi minne wenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: mpito uishe kwanza, kisha ombi. Siyo kinyume chake. Leseni ya Texas inaisha siku ya mwisho ya mwezi wako wa kuzaliwa. Mimi ni wa Agosti, basi nilihesabu kurudi nyuma: ofisi iuzwe kabla ya Krismasi, msimu wa kodi niumalize pamoja na mnunuzi, mpito ukome Aprili 30, ombi liende kabla ya Agosti kwisha. Wewe wa Februari una balaa, msimu unakukuta katikati. Huisha leseni kama kawaida mwaka huo, ustaafu ule unaofuata. Ada ya mwaka mmoja ni nafuu kuliko tamko la uongo.

Kufunga milango

Ukishakuwa na tarehe, kuna milango midogo ambayo tukiiacha wazi inatuumbua.

Leseni ya ofisi ni tofauti na leseni yako, hata kama ofisi ilikuwa wewe peke yako na feni. Ifunge na bodi. EFIN, ile namba ya kutuma fomu kwa mtandao, haiuziki pamoja na ofisi. Mnunuzi aombe yake, wewe uifunge yako. PTIN inaisha kila Desemba 31, usiihuishe. Kwa VITA huihitaji, maana hulipwi.

Hati za uwakilishi, Fomu 2848, wengi tunazisahau. Mimi nilikuwa nazo ishirini na kitu zikiwa hai, na barua za IRS za watu zilikuwa zinaendelea kuja kwangu. Chukua nakala ya kila moja, andika neno WITHDRAW juu ya ukurasa wa kwanza, tia sahihi na tarehe, itume IRS. Ulisimama mbele yao kwa nguvu ya leseni hai. Leseni ikilala, usimame kando.

Wateja waandikie barua, kila mmoja, ya kusema tarehe ya mwisho, nani amechukua faili zao, na kwamba wanaweza kuzichukua kumpeleka wanayemtaka. Nakala za fomu ulizojaza, au orodha yake, unapaswa kuzitunza miaka mitatu, basi kwenye mkataba wa mauzo andika nani anazitunza. Na bima ya dhima ya kitaaluma: nyingi hulipa tu madai yaliyoletwa bima ikiwa hai. Kosa la mwaka juzi linaweza kudaiwa mwaka kesho. Nunua nyongeza ya muda baada ya kufunga, hata kama bei yake itakufanya ukae chini.

Kisha herufi zile tatu. Afrika Mashariki tumezifanya jina, CPA Fulani, kama Mhandisi au Daktari. Msema chochote wa kila harusi Houston ananiita hivyo kwenye kipaza sauti. Texas inataka neno la mstaafu lifuate: CPA Retired, kila mahali zinapoandikwa. Nilibadilisha sahihi ya barua pepe, wasifu wa WhatsApp, kadi, na kibao cha mlangoni alichonichongea shemeji yangu kwa mpingo. Hicho cha mwisho kilinichukua siku nzima kuongeza neno, maana nafasi haikutosha. Kipaza sauti cha harusi nimekisamehe.

Kama una uanachama pia wa ICPAK, taasisi ya wahasibu ya Kenya, au umesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania, hizo ni rejista zake zenyewe. Texas haiwapi taarifa. Waandikie kila mmoja kwa utaratibu wake, hasa kama unapanga kurudi nyumbani na kushika kalamu tena.

Ukibadili nia

Watu hubadili nia, na hakuna aibu. Bei za vitu zikipanda, au ukichoka kumwagilia mchicha, unaruhusiwa kurudi. Ila arifu bodi mara moja, kabla ya kuanza kazi, lipa ada na timiza saa za mafunzo watakazokutaka. Ukirudi kimyakimya kwenye kazi ya hesabu, hadhi ya mstaafu imekwisha siku ile ile uliyoanza, hata kama kwenye rejista bado inasomeka.

Mimi Februari hadi Aprili niko VITA, Jumamosi nne kwa mwezi, na beji ya karatasi shingoni. Nilifanya mtihani wao kama kila mtu, nikakosa swali moja la mikopo ya elimu. Nusu ya wanaokaa mbele yangu wanaongea Kiswahili cha Goma au Bukavu, tunaelewana kwa kupeana muda. Mpwa wangu alikuja mwaka huu akapanga foleni na mfuko wake wa sukari. Nilimwambia biashara yake ni kubwa kuliko tunachoruhusiwa kujaza pale, nikamwandikia jina la yule kijana aliyenunua ofisi yangu.